Thabeet wa Machi 2009: nyongeza sita tulizozisahau

Kila ifikapo Juni, klabu za NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, zinapogawana vijana wapya, orodha ya mwaka 2009 huanza kuzunguka tena kwenye simu za Watanzania. Namba moja Blake Griffin. Namba mbili Hasheem Thabeet. Namba tatu James Harden. Namba saba Stephen Curry. Chini ya orodha huja vicheko, na wanaocheka zaidi ni sisi wenyewe, watu wa Dar es Salaam alikozaliwa Thabeet. Orodha hiyo imenichosha. Haisemi uongo, ila inasema jambo moja tu: kwamba klabu ya Memphis siku ile ilimchukua Thabeet na kuwaruka Harden na Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Sisi tumeigeuza kuwa wasifu mzima wa mtu.

Anayetaka kujua Thabeet alikuwa mchezaji wa aina gani atafute mchezo wa usiku wa Alhamisi, Machi 12, 2009, ndani ya Madison Square Garden, New York. Ilikuwa robo fainali ya mashindano ya ligi ya Big East, Chuo Kikuu cha Connecticut, alikosoma Thabeet, dhidi ya Chuo Kikuu cha Syracuse. Syracuse walishinda 127-117 baada ya nyongeza sita. Dakika 40 za kawaida, kisha dakika tano mara sita, jumla dakika 70 za mpira. Katika daraja la juu la kikapu cha vyuo vya Marekani kuna mchezo mmoja tu uliorefuka kuliko huo, ule wa Cincinnati na Bradley wa Desemba 1981 uliofika nyongeza saba na kuisha 75-73. Wakati huo hakukuwa na saa ya kuhesabu sekunde za shambulizi, timu iliweza kukaa na mpira hadi watazamaji wachoke. Mwaka 2009 saa ilikuwepo, kila shambulizi lilipewa sekunde 35, na watu walikimbia kweli.

Nitasema mapema ninachokiamini. Kikapu cha vyuo si ngazi ya kupandia NBA tu. Ni mchezo wenye sheria zake, na wenye wakubwa wake. Thabeet alikuwa mmoja wa wakubwa hao, na usiku ule, ingawa timu yake ilifungwa, ndio ushahidi wangu mkubwa.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Connecticut ya kocha Jim Calhoun ilikuwa imewahi kushika namba moja ya nchi msimu huohuo. Mpangaji wa mashambulizi alikuwa A.J. Price, chini ya ringi walikuwepo Jeff Adrien, Stanley Robinson na Thabeet, na kwenye benchi alisubiri kijana wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa Bronx, aitwaye Kemba Walker. Syracuse ya Jim Boeheim ilikuwa na Jonny Flynn, mpangaji mfupi mwenye mapafu ya mkimbiaji wa masafa marefu, na wapiga mitupo ya mbali Eric Devendorf na Andy Rautins. Mwezi mmoja kabla, Februari 11, timu hizo zilikutana nyumbani kwa Connecticut na mambo yakaisha 63-49. Syracuse nzima, dakika 40, pointi 49. Ukitaka kujua ni kwa nini, mtazame mtu wa mita 2.21 aliyesimama chini ya ringi. Lakini siku hiyohiyo Connecticut walimpoteza Jerome Dyson kwa jeraha la goti, na huyo ndiye mlinzi wa pembeni ambaye kazi yake ingekuwa kuwakaba wapiga mitupo kama Rautins. Pengo hilo lilirudi kuwadai New York.

Mchezo ulichelewa kuanza kwa sababu ule wa kabla yake ulivuta muda. Kule ilikuwa saa tatu na nusu usiku ikipita, huku kwetu ni saa kumi na nusu alfajiri ya Ijumaa. Nilikuwa zamu ya usiku ofisini, katikati ya jiji la Dar, na kompyuta iliyounganishwa na intaneti ya setilaiti. Waliokuwepo wanakumbuka intaneti ile ilivyokuwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai mwaka huo, miezi minne baadaye. Kutazama video hakukuwepo. Kilichokuwepo ni ukurasa wa matokeo: majina mawili, namba mbili, na saa inayoshuka. Unabonyeza, unasubiri, namba zinabadilika. Mchezo mkubwa kuliko yote aliyowahi kucheza Mtanzania hadi siku ile niliufuata kwa namba tupu.

Dakika 40 zikaisha 71-71. Nilichokiona ni hizo namba. Kilichotokea nilikuja kukitazama baadaye kwenye mkanda kamili, na ndicho kipande ambacho Wamarekani hawaachi kukisimulia. Kemba Walker alisawazisha ikiwa imebaki sekunde 1.1. Syracuse wakarusha mpira mrefu kutoka mwisho wa uwanja, ukamfikia Devendorf mbali kabisa, nje ya mstari wa pointi tatu. Akageuka, akatupa. Ukaingia. Devendorf akaruka juu ya meza ya waamuzi wa mezani, mikono juu, anaupigia kelele umati, na umati unamjibu. Kisha waamuzi wakaenda kutazama marudio. Kwenye picha iliyosimamishwa, taa nyekundu ya nyuma ya ubao inawaka na mpira bado umegusa ncha za vidole vyake. Kikapu kikafutwa.

Ile picha ya Devendorf juu ya meza ndiyo iliyobaki kuwa nembo ya usiku ule. Wala siwalaumu, ni picha nzuri. Lakini imefunika mambo mengi. Mtu anayekumbuka meza peke yake anadhani Syracuse waliutawala mchezo na kunyimwa ushindi kwa sehemu ya sekunde. Ukweli ni kwamba katika nyongeza tano za kwanza Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Hata kwa pointi moja. Mara zote tano Connecticut ndio waliotangulia, na mara zote tano wakafikiwa.

Yafuate matokeo yenyewe. Nyongeza ya kwanza iliisha 81-81. Ya pili 87-87. Ya tatu 98-98. Ya nne 104-104. Ya tano 110-110. Kwenye kompyuta yangu nilidhani ukurasa umeganda. Ukiona saa iko sifuri na namba mbili zimelingana, unabonyeza tena ukitarajia mshindi, na unaletewa dakika tano nyingine. Ilipofika nyongeza ya tatu jua lilikuwa limeshatoka, daladala zinapiga honi nje, wenzangu wa zamu ya asubuhi wanaingia mmoja mmoja na kuuliza kuna nini. Nilipowaambia kijana wetu anacheza New York na mchezo umekataa kuisha, hakuna aliyekaa kwenye kiti chake. Wengine hawakuwa wanajua hata kikapu kimoja kina thamani ya pointi ngapi. Walijua Hasheem ni wa hapa, inatosha.

Kwa nini mchezo ulikataa kuisha? Jibu la haraka ni bahati, na bahati ilikuwepo. Mwishoni mwa nyongeza ya tatu Rautins alisawazisha kwa mtupo wa pointi tatu ambao ukiurudia mara kumi huenda usiingie mara sita. Lakini bahati peke yake haisawazishi mchezo mara sita. Kulikuwa na timu mbili zilizojengwa kwa namna ambayo kila moja ilikuwa na dawa ya ugonjwa wa mwenzake.

Boeheim alicheza zoni ya 2-3, wawili mbele na watatu nyuma, kama alivyofanya karibu maisha yake yote ya ukocha. Zoni ina faida ambayo watu huisahau: inahifadhi miguu. Mlinzi halazimiki kumfukuza mtu mmoja uwanja mzima, analinda eneo lake. Kwa timu iliyokuwa imecheza na Seton Hall usiku uliotangulia, wakati Connecticut wamepumzika, hilo lilikuwa na thamani kubwa. Pia zoni inawafunika wachezaji wenye faulo nyingi. Chuoni mchezaji anatolewa kwa faulo tano, wakati NBA ni sita, na faulo hazifutwi nyongeza inapoanza. Ukienda dakika 70 na faulo tano zilezile, benchi linaanza kumeza watu. Usiku ule wachezaji wanane walitolewa. Syracuse waliwapoteza Arinze Onuaku, Rick Jackson na Kristof Ongenaet, yaani karibu warefu wao wote, na Devendorf juu yake.

Upande wa Connecticut dawa ilikuwa Thabeet. Alimaliza na pointi 19 na rebaundi 14, yaani mipira aliyodaka baada ya mitupo kukosa. Ni namba nzuri, ila si hizo zinazonivuta. Katika mkanda, acha kuutazama mpira. Mtazame mchezaji wa Syracuse anayeingia eneo la chini ya ringi akiwa na mpira. Flynn anampita mlinzi wake wa kwanza, anafika mstari wa frii thro (mtupo huru wa baada ya faulo), na hapo hatua yake inabadilika. Anapunguza. Anainua macho. Mara anarusha mpira juu mno ili upite mikono ya Thabeet, mara anautoa pembeni, mara anageuka na kurudi alikotoka. Hakuna takwimu inayoandikwa kwa kitendo hicho. Mwandishi wa mezani haandiki kwamba mtu alitaka kufunga akaghairi. Lakini ukihesabu mashambulizi ya namna hiyo katika mchezo mzima unaelewa kwa nini Syracuse waliishi kwa mitupo ya mbali, kwa frii thro, na kwa mipira ya pili iliyoanguka kwa Paul Harris, ambaye alichukua rebaundi 22 usiku ule.

Msimu ule Thabeet alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kwa mchezo. Januari 31 alikuwa ameshafanya dhidi ya Providence jambo ambalo wengi hawalifikii maishani: pointi 15, rebaundi 11 na mitupo 10 iliyozuiwa katika mchezo mmoja. Alichaguliwa mlinzi bora wa Big East miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, na mwaka huo wa pili akagawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Big East ya wakati ule ilikuwa na timu 16 na ilikuwa ligi ngumu kuliko zote za vyuo. Mwezi huohuo wa Machi ilitoa timu tatu kati ya nne zilizopewa namba moja kwenye makundi ya mashindano ya taifa: Connecticut, Pittsburgh na Louisville.

Sitaki kumpamba mtu. Blair huyohuyo, mfupi kuliko Thabeet kwa takribani sentimita 20, alimtesa Februari 16, siku ambayo Thabeet alikuwa anatimiza miaka 22. Pittsburgh walishinda 76-68 ugenini, Blair akachukua rebaundi 23, Thabeet akaambulia nne. Kuna kipande cha mchezo ule ambapo Blair, wakigombania mpira, anamtupa Thabeet begani mithili ya gunia. Udhaifu ulikuwa wazi: hakuwa na uzito sehemu ya chini ya mwili, miguu yake haikuwa na mizizi. Maskauti wa NBA waliuona kama nilivyouona mimi. Kocha yeyote wa vijana angeuona.

Lakini fikiria alikotoka. Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15, hapa Dar, wakati wenzake wa Marekani wanaanza wakiwa na miaka sita au saba. Akapitia Kenya, shule ya Laiser Hill, kisha Marekani, akamalizia sekondari Houston. Mwaka 2006 akaingia Connecticut. Ina maana mtu aliyesimama Madison Square Garden alikuwa na miaka kama saba tu ya mchezo huu mwilini mwake. Kushambulia kwake kulikuwa bado kwa mwanafunzi, na kila mtu alikuona. Kuzuia kwake kulikuwa kwa mtu mzima. Nani mwingine katika Afrika Mashariki amewahi kujifunza kitu chochote cha mchezo haraka hivyo na kufika hapo? Mimi simjui.

Nyongeza ya sita ndiyo iliyoamua, na iliamuliwa mapema. Rautins alipiga mtupo wa pointi tatu mwanzoni tu. Ilikuwa mara ya kwanza Syracuse kuongoza tangu dakika za kawaida ziishe, na ukiwatazama wachezaji wa Connecticut unaona kitu kinakatika. Hawakuwa wamewahi kuwa nyuma katika dakika 25 za nyongeza. Walikuwa wamezoea kuongoza na kufikiwa, sasa walitakiwa wao wafukuzie, na miguu haikuwepo tena. Syracuse walifunga pointi 17 katika dakika hizo tano, Connecticut saba. Uwanjani kwa Syracuse alikuwepo hata Justin Thomas, mchezaji asiye na ufadhili wa masomo, wa mwisho mwisho kabisa kwenye benchi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuingiza. Flynn alikuwa ameshacheza dakika 67 kati ya 70. Alifunga pointi 34, zikiwemo frii thro 16 bila kukosa hata moja, na kutoa pasi 11 za kufungia. Frii thro 16 kwa 16 kwenye miguu ya namna ile! Kwa upande wa pili Price alikuwa na pointi 33 na pasi 10, Robinson pointi 28 na rebaundi 14. Katika nyongeza peke yake timu mbili zilifunga pointi 102, ambazo ni matokeo ya mchezo mzima siku nyingine.

Iliisha saa saba na dakika 22 usiku wa New York. Kwetu saa mbili na dakika 22 asubuhi. Ofisini tulikuwa kundi zima mbele ya kioo kimoja, na namba ya Syracuse ilipopanda bila yetu kupanda, watu wakaanza kurudi kwenye kazi zao kimya kimya. Niliumia. Nilikuwa shabiki wa timu ya mbali ambayo sijawahi kuiona kwa macho, kwa sababu ya mtu mmoja, na niliumia kana kwamba imefungwa Taifa Stars.

Sasa turudi kwenye swali la NBA, kwa sababu najua nitaulizwa. Kama alikuwa mkubwa hivyo, kwa nini kule hakudumu?

Sababu ya kwanza ni sheria, na nashangaa wachambuzi wetu hawaitaji. NBA, tangu msimu wa 2001-02, mlinzi haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo la chini ya ringi kama hamkabi mtu kwa karibu. Chuoni sheria hiyo haipo. Chuoni Thabeet angeweza kusimama chini ya ringi mchezo mzima, na alisimama. Kazi yake kubwa, ile ya kumfanya Flynn aghairi, ilitegemea kuwepo pale muda wote. Ukimwondoa hapo na kumtaka atoke nje kumfuata mpangaji wa NBA kila mara mwenzake anapowekewa kizuizi, umemnyang'anya kipaji chake na kumwachia udhaifu wake. Mstari wa pointi tatu nao uko mbali zaidi, uwanja unafunguka, na mlinzi mrefu anapaswa kutembea sana. Walioshuhudia kikapu kikibadilika miaka iliyofuata wanajua ni masenta (warefu wa chini ya ringi) wangapi wa aina yake waliopotea, wengi wakiwa na misingi bora kuliko yeye.

Sababu ya pili ni mahali alipopelekwa. Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol, senta kijana aliyekuwa anapanda. Mtu aliyehitaji dakika ili ajifunze aliwekwa nyuma ya mtu asiyetoka uwanjani. Msimu wake wa kwanza alipata kama dakika 13 kwa mchezo, na kabla haujaisha alipelekwa timu ya daraja la chini, Dakota Wizards. Hata kwa dakika hizo chache alikuwa akizuia zaidi ya mtupo mmoja kila mchezo. Kisha Houston, Portland, Oklahoma City, na mwaka 2014 mlango wa NBA ukafungwa.

Na kama mtu anataka kulinganisha, amlinganishe na mtu sahihi. Jonny Flynn, shujaa wa usiku ule, aliyecheza dakika 67, alichaguliwa na Minnesota namba sita, mtu mmoja mbele ya Curry. Nyonga ikamharibikia, na mwaka 2012 naye akawa ameshaondoka NBA. Watu wa Syracuse hawamcheki Flynn. Ukiwatajia jina lake wanakuambia alikuwa wapi, saa ngapi, amekaa na nani, nyongeza ya nne ilipoisha. Wanamhesabia kile alichowapa. Mashabiki wa vyuo wa Marekani wana utamaduni huu, na ndiyo maana namuonea wivu shabiki wa Syracuse kuliko ninavyomwonea wivu shabiki wa klabu yoyote ya NBA. Kwake mchezo wa Machi unabaki mchezo wa Machi. Haubadilishwi na mkataba uliosainiwa Juni.

Sisi hatukuujenga utamaduni huo, na ninaelewa kwa nini. Kikapu cha vyuo hakikufika kwenye televisheni zetu, tulikijua kupitia magazeti, na magazeti yaliandika habari za Thabeet pale tu zilipogusa NBA. Mtanzania wa kwanza kuchezea NBA, hicho ndicho kichwa cha habari, na kilistahili. Lakini kilichotangulia, miaka mitatu ya Connecticut, kilipita bila wengi kukiona. Wiki tatu baada ya kufungwa na Syracuse, timu yake ilikuwa Detroit, kwenye nne bora ya taifa zima, ndani ya uwanja wa Ford Field, ikafungwa na Michigan State 82-73. Nne bora! Waulize vijana wanaojifunza kikapu pale Don Bosco Upanga kama wanajua kuwa mtoto wa jiji lao alianza katika nusu fainali ile. Niliowauliza mimi hawakujua. Walichojua ni orodha.

Kuna wanaosema angerudi chuo mwaka wa nne, akaongeza uzito, akajifunza kucheza na mgongo kwenye ringi. Sikubaliani nao. Mtu wa miaka 22, mtoto wa mama aliyefiwa na mumewe, anaahidiwa nafasi ya pili ya NBA, halafu aikatae ili apate nguvu za miguu? Alifanya alichopaswa kufanya. Na Connecticut ya mwaka uliofuata haikuingia hata kwenye mashindano ya taifa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba angetoka huko akiwa bora.

Walioguswa na usiku ule walienda njia tofauti. Syracuse walirudi uwanjani jioni iliyofuata, wakaifunga West Virginia 74-69, tena kwa nyongeza, kisha Jumamosi miguu ikagoma na Louisville wakachukua kombe. Kemba Walker, aliyesawazisha kwa sekunde 1.1, alirudi kwenye ukumbi uleule Machi 2011 na kushinda michezo mitano kwa siku tano, kisha ubingwa wa taifa. Ligi yenyewe ilivunjika mwaka 2013, Syracuse wakaenda ligi ya ACC, Connecticut wakaenda kwingine hadi waliporudi Big East mpya mwaka 2020.

Mkanda wa mchezo ule upo, mzima. Pendekezo langu kwa makocha wa vijana wa Dar, Mwanza na Arusha ni hili: waonyesheni vijana wenu warefu, na muanzie nyongeza ya kwanza. Msiwaambie waangalie vikapu. Waambieni wahesabu ni mara ngapi mchezaji wa Syracuse anafika mstari wa frii thro akiwa na njia wazi mbele yake, kisha anarudisha mpira nje. Wakimaliza, muwaulize ni nani aliyefanya kazi hiyo, na alikuwa amesimama wapi.